Vichwa Saba na Nusu

Mchoraji wa mitindo hupima mwili kwa vichwa. Huchora kichwa kwanza, kisha hukitumia kama kipimo cha kushukia mpaka nyayoni. Mtu wa kawaida hutimia vichwa saba na nusu hivi. Yule wa kwenye mchoro wa mitindo huvutwa mpaka tisa, hata kumi, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo huenda miguuni ili gauni lipate pa kuteremkia. Tumbo halipo. Nyonga ni mahali tu ambapo kitambaa hubadili mwelekeo.

Helen Hokinson, mchora katuni mzaliwa wa Mendota, Illinois, mwanzoni alikula kwa kazi hiyo. Aliyachorea maduka makubwa ya nguo ya Chicago, na baada ya kuhamia New York mwaka 1920 akayachorea ya huko. Si kazi ndogo. Inataka jicho linalotofautisha hariri na sufu kwa kuangalia tu jinsi mkunjo unavyovunjika kwenye kiwiko. Lakini mwili ndani yake ni mtumishi wa nguo.

Mwaka 1925, Hokinson akiwa na miaka 32, jarida la The New Yorker, ambalo lilikuwa halijatimiza hata mwaka, lilimchapishia mchoro wa mwanamke mnene aliyesimama gatini, akipunga mkono kuiaga meli. Mwanamke yule asingeuza gauni hata moja. Hokinson alikuwa ameugeuza mpango mzima: sasa nguo ndiyo iliyomtumikia mtu.

Waangalie wanawake wake wa miaka iliyofuata, wake wa watu wenye uwezo, wa makamo, wanaokwenda kwenye vyama vyao, maonyesho ya maua na maduka ya vitabu. Kifua kimetangulia. Kofia ndogo imekaa juu kabisa, kama kitu kilichowekwa na kusahauliwa. Vitambaa vimelala sawasawa juu ya miili iliyozaa na kula vizuri, na chini kabisa kuna vijiguu vidogo vinavyobeba yote hayo kwa madaha. Mchoraji asiyejua nguo angechora unene tu. Yeye alijua koti hukaza wapi mtu anapoinama kuuliza bei, na humo ndimo anamoonekana mtu mwenyewe, na aibu yake, na hamu yake ya kujua mambo.

Atakayenielewa upesi ni fundi cherehani. Mama yangu alishona miaka mingi. Mteja alikuja na kitenge chake na picha iliyokatwa gazetini, akasema, “Mama, nataka kama hii.” Mama hakuibishia picha. Alichukua futi, akaipitisha kifuani, kiunoni, nyongani, akaandika kwenye daftari bila kutamka namba hata moja, maana barazani walikuwapo wengine wanaosubiri. Wakati wa kukata aliacha inchi mbili zaidi ndani ya mshono. Shangazi mmoja alikuwa akijitazama kwenye kioo chetu huku akigeuka geuka, mkono mgongoni, akitabasamu peke yake. Hakuwa mwanamke wa kwenye picha ile, na gauni lilikuwa lake kabisa.

Kwangu, katuni bora hufanya hivyohivyo: hupima bila kudanganya, na haitangazi namba barazani. Wachoraji wengi wana jicho kali, na wengi wana huruma. Wenye vyote viwili katika mstari mmoja wa brashi ni wachache mno, na mimi namweka Hokinson mbele yao.

Maneno ya chini ya michoro hayakuwa kipaji chake kikubwa. Tangu 1931 aliyaandika mwandishi James Reid Parker, na ushirika huo ukadumu mpaka mwisho. Michoro yake katika The New Yorker ilipita 1,700, na majalada yalifika 68.

Kilichomuumiza ni kuona baadhi ya wasomaji wakiwacheka wale wanawake kwa dharau. Yeye aliwapenda. Katika miaka yake ya mwisho alianza kusimama mbele ya watu na kuwatetea, mwanamke mpole ambaye kazi yake yote ilikuwa ya kukaa kimya na karatasi. Tarehe 1 Novemba 1949 alikuwa safarini kwenda Washington kuzungumza kwenye mkutano wa hisani. Ndege aliyopanda iligongwa na ndege nyingine karibu na uwanja wa ndege, wakafa wote 55 waliokuwamo ndani yake.

Mimi hurudi kwenye ule mchoro wa gatini. Meli inaondoka, na yule mwanamke bado amenyoosha mkono.