Usiruke Pombe ya Myombekere

Ukitaja riwaya ya kihistoria hapa kwetu, watu wanawazia bunduki. Maji Maji, Mau Mau, mapinduzi ya Unguja. Au angalau mgomo: Adam Shafi aliuchukua mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa 1948 akaandika Kuli, na ukiisoma unaona jinsi tukio moja linavyoweza kubeba kitabu kizima. Sawa. Lakini iko riwaya nyingine ya Kiswahili ambayo haitegemei tukio lolote la vitabu vya historia, na wengi wetu tumeisikia kwa jina tu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ya Aniceti Kitereza.

Stori yenyewe unaweza kuimaliza kabla matatu haijajaza. Mume na mke wanapendana, hawana mtoto. Jamaa za mume wanamtukana mke kwa ajili hiyo, wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume hataki mwingine, anamfuata ukweni, anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Wanarudiana, wanakwenda kwa mganga, mwishowe wanapata mtoto wa kiume, kisha wa kike. Hayo ndiyo yanayojaza majuzuu mawili manene. Si mchezo.

Sasa, lalamiko utakalolisikia mara kwa mara ni kwamba Kitereza anaeleza mno. Watu wakikutana njiani unasoma salamu zote, na salamu za Ukerewe hazina haraka. Mgeni akifika, utajua ameketi wapi na amepewa nini. Kuna wanaosema hiki ni kitabu cha mila kilichovalishwa nguo za riwaya. Nawaelewa. Tumezoea hadithi zinazokimbia kama zinadaiwa.

Hebu tuitazame ile pombe. Baba mkwe hataki fedha wala maneno matamu, anataka pombe. Na pombe ya ndizi haiharakishwi. Ndizi zikatwe, zivundikwe mpaka ziive, zikamuliwe, juisi ichanganywe na unga wa nafaka, iachwe ichachuke. Mtu mmoja haiwezi kazi hiyo. Myombekere, ambaye jamaa zake ndio waliomfukuzisha mke, inambidi aombe mikono ya watu. Mwandishi mwingine angetuambia kwa sentensi moja kwamba mume alijuta. Kitereza anamfanya afanye kazi, nasi tunangoja pamoja naye. Majuto yenyewe yamo ndani ya muda ule unaopita. Ukiruka kurasa hizo kwa sababu unaona ni maelezo ya upishi, umeruka kiini cha ndoa yao.

Hapo ndipo ninapomwona fundi. Swali gumu la mwandishi wa riwaya ya kihistoria si nini kilitokea. Hilo wazee na makabrasha yatakusaidia. Ni watu walikuwa wakifanya nini mikono yao ilipokuwa na kazi na vinywa vyao vilipokuwa vinazungumza. Kitereza alizaliwa 1896 Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda. Yaani alikuwa na haki zote za kutuandikia riwaya ya kiti cha enzi, fitina za ikulu na wajomba wanaoviziana. Alizijua habari za watawala, hata akaandika historia ya Wakerewe. Lakini alipokaa kuandika riwaya alichagua mume na mke wa kawaida wenye shamba na mifugo. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote aliyoyafanya kama mwandishi.

Na haukuwa uamuzi wa mtu wa mbali. Yeye na mkewe, Anna Katura, walioana 1919, na watoto wao hawakuishi. Sitaki kukigeuza kitabu kuwa shajara ya msiba wake, riwaya inajitegemea. Ila ukishajua, ile subira ya Bugonoka mbele ya mganga inasomeka kwa uzito mwingine.

Upande wa kazi ndio unaouma zaidi. Huyu hakuwa mwandishi wa ruzuku na makongamano. Alisomea upadre akauacha, akafanya kazi za ukarani na ufasiri. Riwaya aliimaliza 1945, kwa Kikerewe. Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, aliifasiri kwa Kifaransa, haikuchapishwa. Nani angechapisha kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja? Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, walimtia moyo aigeuze kwa Kiswahili. Fikiria, mtu wa miaka sabini na kitu anaketi kuandika upya kitabu chake chote, kwa lugha isiyo ya mama yake, ili tu kipate mlango wa kutokea. Tanzania Publishing House walikitoa 1980. Kitereza akafariki 1981, nakala hazijamfikia.

Kiswahili chake basi si cha Lamu wala cha Unguja. Kina miguu mizito mahali fulani, na methali nyingine zimevuka ziwa zikiwa bado na maji. Mimi naipenda lugha hiyo kuliko Kiswahili kilichopigwa pasi cha baadhi ya riwaya teule zetu. Nisichokipenda ni juzuu ya pili: watoto wanakua, mashaka ya wazazi yameisha, na hapo maelezo yanabaki maelezo kwa sababu hakuna anayengoja kitu. Kuna kurasa ambazo mhariri mkali angezikata, nami ningempa kalamu.

Gabriel Ruhumbika, mwanariwaya na mwana wa Ukerewe pia, alipotoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002 aliurudia mswada wa Kikerewe badala ya kutumia kitabu cha Kiswahili. Kwa hiyo ukiwa na zote mbili mezani unasoma vitabu viwili tofauti kidogo, na kile cha Kiswahili ndicho alichokiandika Kitereza kwa mkono wake mwenyewe mara ya pili. Anza na hicho, juzuu ya kwanza. Na pombe usiiruke.