Barua ya Rosa

Wanafunzi waisomao Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, hufundishwa kwamba ni kisa cha msichana aliyebanwa mno na babaye, kisha akapotea alipopata uhuru. Maelezo hayo si ya uongo, walakini yapita upesi mno juu ya barua.

Rosa ni binti wa Namagondo, kijiji cha Ukerewe alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Katika kisiwa kile, ambako mgeni hawezi kushuka bandarini Nansio asijulikane ni wa nani, siri ni mali adimu. Rosa anaandikiwa barua na Charles. Barua yaingia mikononi mwa Zakaria, babaye, naye binti anapigwa. Yafaa tuulize: Zakaria ameipata wapi haki ya kuisoma? Si katika uadilifu, maana ni mlevi na mkewe Regina humjua kwa kipigo. Haki yake yatokana na jambo moja tu, kwamba nyumba ni yake. Kwa maoni yangu hapa ndipo Rosa anapoharibiwa. Mtu asiyeachiwa hata karatasi moja iliyo yake peke yake atajifunzia wapi kuwa na jambo la kulinda?

Ukali wa mwandishi waonekana zaidi mwishoni. Charles yule yule aliyeandika barua ndiye anayedai kujua siri ya mwili wa Rosa. Akigundua kwamba si bikira anamwacha, na Rosa anajiua. Mpenzi amekuwa mkaguzi kama baba. Wahakiki wanaomlaumu Rosa kwa udhaifu wamekaa, pasipo kutaka, upande wa wakaguzi.

Baada ya kitabu kutoka, wakuu wa elimu Tanzania walikizuia kisisomwe mashuleni kwa muda. Walijiona wanalinda vijana. Zakaria naye alijiona hivyo hivyo.

Wako watakaosema kwamba nyumba si dola, na kwamba serikali ina wajibu wa kuwasaka wahalifu ambao baba hana. Ni kweli. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania yahifadhi maisha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake, lakini pia yaruhusu sheria iweke utaratibu wa kuingilia haki hiyo. Shida imo katika utaratibu wenyewe. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 chamwezesha polisi kudai taarifa za mtu bila kwanza kupita kwa hakimu. Wenye JamiiForums, uwanja wa mijadala ambamo wengi huandika kwa majina ya kupanga, walikipinga Mahakama Kuu mwaka 2016 wasifanikiwe kukiondoa. Desemba mwaka huo huo mkuu wao, Maxence Melo, alikamatwa kwa kutowapa polisi taarifa za waandishi wake, na kesi zake ziliendelea hata mwaka 2020. Sisi tuliolelewa na mashairi ya magazetini, ambayo kwa miaka mingi yametiwa sahihi za lakabu, tungepaswa kuwa wa kwanza kumwelewa. Jina la kupanga si ushahidi wa hila. Mara nyingi ni mlango tu, na mwenye nyumba ameurudisha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni hatua njema, ila sioni kwamba yamzuia Zakaria aliyevaa sare.

Kezilahabi hakumpa Rosa mtetezi yeyote duniani. Shauri lake na babaye alilihamishia mbinguni, mbele ya Mungu, na wengine wameiona sura hiyo kuwa imebandikwa tu. Mimi naiona ya lazima: katika riwaya nzima hapana msomaji mwingine wa siri za Rosa ambaye ana haki ya kuzisoma.