Kisima Kinachofuka Alfajiri

Mwezi wa saba, kabla jua halijatokeza nyuma ya vilima vya Tenke, huku Katanga, kisima cha bonde la dembo hufuka mvuke kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Mgeni akiona atadhani kuna moto chini. Maji ya ardhini hayafuati msimu. Joto lake halisogei sana mwaka mzima, liko karibu na nyuzi 20, ilhali hewa ya bondeni usiku huo imeshuka chini ya 10, na kuna asubuhi ambazo nyasi huamka zimepauka kwa umande ulioganda. Mama mwenye bustani anaijua tofauti hiyo kwa vidole. Anachota, anainamisha kopo, anaosha majani ya shu, yaani kabichi, tuta kwa tuta. Hana pupa, ila hasimami. Anataka awe amemaliza matuta yanayopigwa na jua kwanza kabla halijafika, na msimu huo jua la Tenke hutokeza saa 12 na nusu hivi.

Nilimwuliza kwa nini anamwagia maji mboga ambazo tayari zinatetemeka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini bukari, ugali wetu, inasongwa. Baridi inalilaza jani tu, papa, akasema. Linaloliua ni jua likilikuta bado limeganda.

Nilikwenda nikaliwaza jambo hilo siku nzima, na kila nilipolipima lilisimama. Barafu nyembamba ikijijenga ndani ya jani huvuta maji kutoka kwenye chembe zake. Ikiyeyuka polepole, maji hurudi yalikotoka. Ikiyeyuka ghafla, jani hulegea, hugeuka kama limemwagiwa chai ya moto, na kufikia saa nne limekuwa jeusi. Maji ya kisima ni ya vuguvugu kuliko jani, lakini si ya moto. Yanaliamsha kwa upole. Kwa hiyo ndoo ileile ni kinywaji na ni blanketi. Fundi huyu ameipata hita yake chini ya ardhi, na haimgharimu ila mikono.

Tenke inajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni reli: hapo ndipo njia inapoachana, moja ikielekea kaskazini, nyingine ikielekea magharibi kupitia Kolwezi hadi Dilolo na mpaka wa Angola, njia iliyofunguliwa mwaka 1931. La pili ni shaba na kobalti ya vilima vinavyopakana na Fungurume, ambako mgodi mkubwa ulianza kutoa shaba mwaka 2009. Mboga hazitajwi. Lakini watu wa reli hula, na watu wa mgodi hula, na bukari bila mboga ni adhabu.

Ndugu zetu walioko Ubelgiji na Uholanzi hutuma picha za nyumba za vioo zinazowaka usiku kama mji. Huko mwezi wa kumi na mbili mchana ni wa saa kama 8 tu, na hizo saa zenyewe zimefunikwa na mawingu. Basi wakulima wametundika taa juu ya nyanya. Zamani zilikuwa taa za sodiamu zenye rangi ya chungwa. Sasa wengi wanaweka taa za LED zinazotoa nyekundu na buluu, kwa kuwa jani hutumia rangi hizo zaidi, na usiku nyumba nzima inakuwa na rangi ya zambarau. Ni ufundi wa kweli, sitaki kuudharau. Hata wao wamejifunza adabu ya giza: nyanya ukiiwashia taa saa 24 majani yake hugeuka manjano na kuumwa. Lazima ilale. Ninapoitazama picha hiyo hukumbuka pia kwamba taa haiwaki bila waya, na waya ni shaba, lakini hayo tuyaache kwanza.

Tenke haina upungufu wa mwanga. Siku fupi kuliko zote, ile ya mwezi wa sita, bado ina saa 11 na nusu za jua, na mbingu ya kiangazi haina hata wingu la kuonyeshea mtoto. Taa za nyumba za vioo kwa kawaida humpa mmea mwanga wa lux elfu kumi au kumi na tano. Jua la adhuhuri huku hufika laki moja. Kwa mche wenye majani mawili, mwanga huo ni kipigo. Kwa hiyo kule fundi anatengeneza jua, na huku mama anatengeneza kivuli.

Hicho kivuli kitazame vizuri, maana ndipo ninapomvulia kofia. Miti minne yenye panda imesimikwa, urefu wake haufiki kiunoni. Juu yake fito, juu ya fito nyasi kavu. Ukipita haraka utaona kichanja kibovu kinachovuja mwanga. Ukichuchumaa utaona kwamba nyasi ni nyembamba upande wa mashariki na nene upande wa magharibi: jua la asubuhi linaruhusiwa kuingia kupasha joto, lile kali la alasiri linazuiwa mlangoni. Kila baada ya siku chache mama anachomoa konzi moja ya nyasi. Hapimi. Anaweka kiganja juu ya miche, anatazama madoa ya mwanga mgongoni mwa mkono wake, anachomoa au anaacha. Wiki ya nne inapofika hakuna tena nyasi juu, na mche umekwishazoea jua bila kujua ulifundishwa lini. Na usiku kichanja hicho hicho hufanya kazi nyingine. Usiku wa kiangazi usio na mawingu ardhi hutoa joto lake lote likapotea juu angani. Nyasi huzuia sehemu ya joto hilo, likabaki na miche. Mchana mwavuli, usiku shuka. Wapo wenye digrii ambao hawajabuni kitu kimoja chenye kazi mbili namna hiyo, nami nikiwemo.

Mahali pa kulima penyewe ni mtego. Dembo ni bonde la nyasi lisilo na miti, linaloshika maji wakati mlima umekauka. Bila dembo hakuna mboga ya kiangazi. Lakini hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo huteremka usiku kama maji na kutuama palepale bondeni. Ukilima chini kabisa, kisima kiko miguuni pako na baridi iko shingoni pako. Ukipanda juu ya mteremko, mboga zinalala salama na wewe unavunjika mgongo kubeba maji. Mama amepanga matuta yake kama mtu anayeketisha wageni. Shu na karoti, zinazovumilia, ziko chini. Nyanya ziko juu zaidi, mahali ambapo nyasi haziamki nyeupe. Lengalenga, yaani mchicha, mtoto wa joto, amewekewa kipande kidogo kando ya ukuta wa matofali unaonyonya jua mchana, na hata hivyo mwezi wa sita na wa saba hudumaa, mama hamlaumu. Anasema tu kwamba lengalenga ina msimu wake, na ndiyo maana bei yake hupanda wakati huo.

Matuta yenyewe hubadilika umbo. Wakati wa mvua huinuliwa ili maji yakimbie. Mvua ikikatika, mwezi wa nne au wa tano, huchimbwa upya yakawa ya kuzama, kingo zikiwa juu kuliko katikati, ili tone lisitoke. Ukiona mtu anamwagilia tuta la kuinuka mwezi wa nane, ujue ni mgeni wa kazi hiyo, au ana pampu.

Hesabu ya maji niliifanya mwenyewe nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tuta la mita kumi za mraba, likipewa lita tano kwa kila mita, linakunywa lita 50 kwa siku. Matuta ishirini ni lita 1,000, yaani tani nzima. Kwa makopo ya lita kumi, moja kila mkono, ni safari 50 kutoka kisimani, kila siku, tangu mwezi wa tano hadi mvua irudi mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Na kisima hakikai mahali pamoja. Kadiri kiangazi kinavyozeeka maji yanashuka, ngazi za udongo zinaongezwa chini, na safari ileile inakuwa ndefu bila njia kurefuka. Kopo lake ni bati la kawaida; ncha ya kunyunyizia ilipotea, akaibadilisha kwa mkebe aliotoboa kwa msumari. Matundu anayaelekeza juu, siyo chini, ili maji yapande kidogo kisha yaanguke yamechoka. Mbegu ya karoti ikipigwa na maji yenye nguvu huhama tuta.

Kuhusu udongo kuna mambo ambayo hayapo katika bustani za vioo. Huku unaweza kulima juu ya shaba. Vilima vya madini vina sehemu zisizo na miti, na juu yake huota mimea inayostahimili sumu hiyo, mmoja ulio maarufu ukiwa *Haumaniastrum katangense*, ua la shaba, ambalo watafuta madini walilifuata na hata wanaakiolojia wamelitumia kutambua mahali wahenga walipoyeyushia shaba. Palipo na ua hilo, mwenye akili hapandi mboga. Wachunguzi wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamepima kwa miaka mingi metali katika udongo, mboga na miili ya watu wa ukanda huu, na matokeo hayafurahishi, hasa karibu na viwanda na machimbo. Mama huyu yuko mbali na vumbi la malori, na alilichagua dembo lake kwa sababu hiyo. Udongo wake anautajirisha kwa mbolea ya kuku, na kwa ngekewa ya Katanga: vichuguu. Mchwa wa huku hujenga vilima vya mita tano na zaidi, na udongo wao wa ndani mara nyingi una chokaa, hauna ukali wa tindikali kama ule unaouzunguka. Udongo usio na ukali hushika shaba, hauiachii kirahisi iende kwenye mizizi. Watu wanavikata vichuguu kwa matofali. Yeye huomba mabaki.

Nilisema Tenke haina shida ya mwanga, nikakosea kidogo. Ipo shida ya kitunguu. Kitunguu hakijazi kichwa kwa kuwa kimeshiba mbolea. Hujaza kinapoona mchana umefikia urefu kinaoutaka. Aina za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa 14 na zaidi, na Tenke, hata mwezi wa kumi na mbili, mchana haufiki 13. Mtu aliyepewa pakiti nzuri ya mbegu kutoka ughaibuni atapata majani marefu ya kupendeza kama mkia wa jogoo, na chini yake hakuna kitu. Ndugu wa Ulaya angeweza kuwasha taa akakidanganya. Mama wa Tenke anabadilisha mbegu: aina kama Red Creole, au Violet de Galmi iliyotoka Niger, zinazoridhika na mchana wetu. Yeye hajui neno la kisayansi la jambo hilo. Anajua pakiti zipi zilimwaibisha.

Wengi wa wenye bustani ukanda huu hawakuzaliwa na jembe. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini, waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, na nyumba zilizozoea unga wa kampuni zikajikuta zinatafuta dembo. Ukitembea kwenye mabonde ya Likasi au Kolwezi utakutana na mzee anayenyoosha mstari wa shu kwa kamba na kigingi, sawasawa, kama reli. Mkono wa fundi wa mashine haujifichi.

Na ule waya wa shaba niliouacha: njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita kama 1,700, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, inaishia Kolwezi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako katika mkoa huuhuu. Yote yalijengwa kwa ajili ya shaba. Bondeni, hata hivyo, mama humwagilia kwa mwanga wa tochi ya simu aliyoibana kwenye kilemba, na betri yake ikizimika humalizia kwa kusikiliza: maji yakianguka juu ya udongo mkavu yana sauti moja, juu ya udongo ulioshiba yana nyingine.

Ukishuka Tenke mwezi wa saba, tafuta mboga kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo jua limeshazilegeza, na zile za chini ya mteremko, zilizooshwa kwanza, zimekwisha nunuliwa.