Wanaocheza Rede Kambini

Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakafukia sehemu ya mji wa Katesh. Wengi wetu tulihesabu maiti, kisha magunia ya unga. Maafisa ustawi wa jamii na wenzao wa kujitolea, ambao hukaa na watoto baada ya maafa kama hayo, hawaonekani sana. Wapita njia husema wanacheza tu.

Kucheza gani huko! Kabla ya mchezo wa rede kuanza, majina ya watoto yameshaandikwa: huyu ni wa nani, analala na nani, na huyu anayejiita mjomba, ni mjomba kweli? Mpira hufungwa kwa matambara. Asiyetaka kucheza halazimishwi. Mtu mzima huketi kando yake, hata asubuhi nzima, bila kumhoji. Radi ikinguruma, wimbo hupandishwa sauti. Aliyejikojolea hubadilishwa nguo wenzake wasijue. Lililo gumu kuliko yote ni swali la mama atarudi lini: maafisa hao hawana ruhusa ya kudanganya, wala ya kukwepa. Wakishajibu, foleni ya uji inawangoja.