Wanaosoma Chuma

Watambuzi wa mashoka ya kale ya biashara, yale Wazungu waliyowauzia wenyeji wa Amerika Kaskazini, wanastahili pongezi, kwa kuwa wanakisoma chuma pale ambapo karatasi hazisemi kitu. Huanzia kwenye tundu la mpini. Mhunzi wa karne ya 17 au ya 18 alikunja bapa la chuma, akaunganisha ncha zake motoni, na mara nyingi akapachika kipande cha pua katikati ili makali yadumu. Kazi hiyo huacha mshono hafifu ubavuni, mshono ambao shoka lililomiminwa kwenye kalibu halina.

Wapo wanaodai kwamba kutu hughushiwa kwa tindikali na chapa ya mhunzi hugongwa na yeyote. Ni kweli, na ndiyo maana mtambuzi makini haamini chapa peke yake: hulinganisha uzito, umbo la tundu na jinsi makali yalivyolika kwa kunolewa. Tomahoki (shoka dogo) ya kiko, ambayo mpini wake hutobolewa ili moshi upite, huzua shaka bakuli lake lisipofunguka hadi kwenye mpini. Wengine huona ujuzi huu ni wa kuwanufaisha matajiri wanaokusanya vitu vya kale tu. Lakini shoka lililofukuliwa humsaidia mwanaakiolojia kukadiria lini bidhaa za Ulaya zilifika kijijini, na mwanahistoria Harold Peterson alipochapisha kitabu chake kuhusu tomahoki mwaka 1965, alieleza pia historia ya wenyeji waliozibeba. Jina lenyewe la tomahoki ni lao, kutoka lugha ya Kialgonkini ya Virginia.