Mario Hakuonei: Kwa Nini Gemu Ngumu ya 1985 Bado Ni Tamu

Kama ulikulia Kayanga, Omurushaka au Nkwenda kabla ya simu janja kuenea, huenda unakijua kibanda cha gemu: televisheni ya chogo, padi zenye vitufe vilivyochubuka, na foleni ya watoto waliotumwa maji wakasahau ndoo. Kwetu shilingi mia ilikupa roho tatu. Zikiisha, unampisha mwenzako. Mia yenyewe niliipata kwa kuokota kahawa iliyodondoka, kwa hiyo kila shimo nililotumbukia liliniuma kweli.

Majuzi nimeirudia Super Mario Bros. kwenye kompyuta, na nataka kukushawishi kwamba ni kazi nzuri hasa, sio kumbukumbu za utotoni tu.

Anza na udogo wake. Nintendo waliitoa Japani Septemba 1985, ikiwa imebuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Gemu nzima ina kilobaiti 40, ndogo kuliko picha nyingi unazotumiwa WhatsApp. Ili nafasi itoshe, mawingu na vichaka ni mchoro uleule uliobadilishwa rangi. Hebu kaangalie! Humo ndani kuna dunia 8, kila moja na hatua 4, na hakuna pa kuhifadhi ulipofikia. Umeme ukikatika, unaanza upya. Na sisi wa Kagera, enzi zile tukitegemea umeme kutoka Uganda, kukatika tulikuzoea.

Sasa, kwa nini mtu ang'ang'anie kitu kinachomwangusha hivyo? Miaka ya 1990, Wolfram Schultz na wenzake walielezea walichokiona kwenye seli za dopamini za nyani waliopewa juisi. Juisi ikija bila kutarajiwa, seli zilichangamka. Nyani akishajua itakuja lini, hazikuishangilia tena. Ikikosekana aliyoitegemea, zikapoa chini ya kawaida. Yaani ubongo unapima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata. Gemu rahisi haikushangazi. Gemu ngumu, siku unayovuka pale palipokushinda wiki nzima, inakushangaza kwelikweli.

Lakini ugumu peke yake hautoshi. Kibanda kile cha utotoni sasa kina dubwi, ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu, na vijana wanaiinamia kama sisi tulivyoinamia Mario. Dubwi nayo inauchezea mfumo huohuo wa ubongo. Tofauti ni hii: dubwi inaenda kwa bahati. Ukishapoteza mara 100, mara ya 101 hujui chochote zaidi. Kwa Mario, karibu kila adui yuko palepale alipokuwa jana. Ukishikilia kitufe cha kuruka, anapaa juu zaidi. Ukikimbia kwanza, zaidi tena. Ukifa, sababu unaijua, na mara nyingi ni wewe mwenyewe. Kila roho iliyopotea inakuachia kitu cha kutumia mara inayofuata.

Dosari zipo. Ngome za 4-4 na 7-4 zinakuzungusha palepale bila kukuonyesha ulikosea njia wapi, na hapo unabaki kubahatisha. Hicho ndicho kipande dhaifu cha gemu hii. Hata hivyo, njia ukishaipata haibadiliki, kibandani tulikuwa tunaelekezana kwa kelele, "pita juu! pita juu!" Dubwi haina cha kuelekezana.

Kwa hiyo mdogo wako akikuomba mia ya kuchezea, usiishie kumuuliza kama mchezo ni mgumu au unapoteza muda. Muulize: ukishindwa leo, kesho utakuwa unajua nini ambacho leo hukijui? Akikosa jibu, mia yake inaliwa bure.

Mimi bado nimekwama 8-3, kwa wale warusha nyundo. Kesho narudi.