Kabla na Baada ya Dondoo

Katika Karatasi ya Pili ya mtihani wa Kiingereza wa KCSE, mtahiniwa hukuta dondoo kutoka kitabu teule cha lazima, na chini yake swali ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya amelisikia mpaka likamkaa kichwani: kabla tu ya dondoo hili, kulitokea nini? Mara nyingine huulizwa kilichofuata. Swali hilo hubeba alama chache katika sehemu yenye alama 25, nalo hujibiwa kwa sentensi mbili tatu. Mimi nalihesabu kuwa swali bora kuliko yote yaliyomo mtihanini. Kujiandaa kulijibu ni ufundi kamili, ufundi wa kusoma, nao unastahili sifa kuliko unavyopewa.

Swali hili halina njia ya mkato. Maduka ya vitabu yamejaa miongozo yenye sifa za wahusika, maudhui na mbinu za lugha, vyote vimepangwa tayari kukaririwa. Mwanafunzi anaweza kuumeza mwongozo mzima wakati wa prepu, akajua kusema kwamba mhusika huyu ni jasiri na yule ni mnafiki. Lakini mwekee mezani ukurasa mmoja usio na nambari, mwambie autie mahali pake katika kitabu. Hapo ndipo aliyesoma kitabu hutengana na aliyesoma habari za kitabu. Walimu wa Kiswahili nao wana swali la jamii hiyohiyo, lile la kueleza muktadha wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Masomo hayo mawili hugombania vipindi kwenye ratiba, lakini katika jambo hili yanakubaliana kwamba maneno ya mtu hayaeleweki mpaka ujue yametoka wapi na yanaelekea wapi.

Tazama A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879, iliyokuwa kitabu cha lazima mpaka mtihani wa 2022. Anayeisoma mara ya kwanza hukimbilia mwisho, kwa sababu ameshasikia kwamba Nora anaondoka na kuufunga mlango. Akirudi kuisoma mara ya pili huku akijua mwisho huo, ukurasa wa kwanza hubadilika mbele ya macho yake. Nora anaingia kutoka dukani na neno lake la kwanza ni kumwagiza mtumishi aufiche mti wa Krismasi. Muda si muda anakula biskuti alizokatazwa na mumewe, anapangusa mdomo, na akiulizwa anakana. Mara ya kwanza mambo haya huonekana kuwa mzaha wa sikukuu. Mara ya pili mwanafunzi hutambua kwamba kabla deni halijatajwa, na kabla Krogstad aliyemkopesha Nora hajabisha hodi na siri ya sahihi ya kughushi, Ibsen ameshatuonyesha nyumba ambamo mke hawezi kuishi bila kuficha. Tendo la Pili linapofunguliwa, mti uleule umevuliwa mapambo na mishumaa yake imeungua. Mwanafunzi aliyeufuata mti huo tangu mwanzo haambiwi na mtu kwamba furaha ya nyumba hii inakwisha, ameiona ikiisha. Nimewahi kumtazama msichana mmoja akipiga mstari kwa penseli chini ya agizo lile la kuficha mti, kisha akanyanyua kichwa akatabasamu peke yake. Hilo halikuwa na alama katika mtihani wowote.

Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, iliyotahiniwa katika miaka hiyohiyo, humlipa vivyo hivyo msomaji anayerudi nyuma. Familia ya Ole Kaelo inahama Nakuru kwenda Nasila baada ya baba kupunguzwa kazini, na mabinti zake, Taiyo na Resian, wanaingia katika jamii ambayo kwayo msichana asiyekeketwa ana kasoro. Kijana Olarinkoi anajitokeza akiwaokoa dada hao wasishambuliwe njiani. Baadaye anazoea kufika kwao, anakaa kimya, haombi kitu. Msomaji wa haraka humpita kwa shukrani. Ni mpaka Resian atakapomfuata akidhani anampeleka kwa Minik, mtetezi wa wasichana, kumbe anatekwa, ndipo ule ukimya wa mwanzoni unaposomeka upya. Swali la kabla na baada ya dondoo linamdai mwanafunzi jambo hili hasa, amshike Olarinkoi wa mwanzo na Olarinkoi wa baadaye kwa wakati mmoja. Haya ni maarifa ambayo msichana wa miaka 17 anayahitaji hata nje ya darasa.

Ufundi huu hufunzwa kwa vifaa vichache. Kitabu, penseli, na sauti. Mwalimu hodari huanza kwa kusomesha kitabu darasani kwa sauti, zamu kwa zamu, hata kama mtaala unamkimbiza, kwa sababu anayesoma kwa mdomo hawezi kuruka sentensi ngumu. Tamthilia hugawanywa kwa wahusika, na mvulana mkimya wa dawati la nyuma akipewa kuwa Torvald Helmer, mumewe Nora, darasa zima humsikiliza. Kisha hufuata mazoezi ya dondoo. Mwalimu hunakili nusu ukurasa ubaoni, vitabu vimefungwa, na darasa hubishana: barua ya Krogstad imeshaingia sandukuni au bado? Ubishi huo ndio somo lenyewe. Vikundi vya waigizaji vinavyozunguka shuleni na vitabu teule navyo husaidia sana, mradi wanafunzi wawe wamekwisha kusoma. Asiyesoma hutoka pale akikumbuka uso wa mwigizaji na si maneno ya mwandishi.

Shairi ni jambo jingine, kwa sababu halina kabla wala baada isipokuwa mishororo yake yenyewe. Mtahiniwa analiona kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Wengi hulivamia wakitafuta tashbihi na sitiari, wakizitaja majina na kuziacha hapo, ilhali swali limeuliza zinafanya kazi gani. Dawa yake ni subira: kulisoma shairi mara tatu, ya kwanza kwa kusikiliza tu, ya pili kwa kumtafuta nafsineni, ya tatu ndipo kalamu ishikwe.

Miaka mingine, badala ya shairi, huja hadithi simulizi, na hapo sina budi kutaja historia. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba masomo ya fasihi yaanze na Afrika, fasihi simulizi ikiwa mbele. Mwaka 1974 walimu na wasomi walikutana Nairobi School kuipeleka hoja hiyo katika shule za sekondari. Mtahiniwa wa leo anapoulizwa kuhusu nyimbo ndani ya hadithi, au tamati yake, anakula matunda ya mapambano hayo. Sungura na fisi wa bibi yake wanasomwa kwa uzito uleule anaosomewa Ibsen, na ndivyo inavyopasa.

Kuhusu insha za Karatasi ya Tatu sina mengi. Utangulizi, hoja nne zenye ushahidi, hitimisho, lugha safi; jumla alama 20. Muundo huo hufunzika kwa wiki chache. Ushahidi haufunziki hivyo, hutoka kwa aliyesoma.

Wapo wanaosema mtihani huua mapenzi ya vitabu. Nimewasikiliza na siwezi kukubaliana nao. Kinachoua mapenzi ni kusoma kitabu mara moja, kwa hofu, kupitia muhtasari wa mtu mwingine. Kijana anayelazimika kukirudia kitabu kimoja mara nne au tano ndani ya miaka miwili anapata nafasi ambayo watu wazima wengi hawajipi tena, na mara nyingi kitabu hicho ndicho atakachokitaja akiwa mzee.

Kundi la mwisho la KCSE litaufanya mtihani huo mwaka 2027, kisha shule za upili zitabaki na mtaala mpya na upimaji mpya. Mengi katika mtihani wa zamani yanaweza kuachwa bila majuto. Enyi mtakaotunga mitihani ijayo, liacheni swali la dondoo. Na wewe mwalimu wa kidato cha nne, kabla hujamruhusu mwanafunzi wako kununua mwongozo, hakikisha amekisoma kitabu chenyewe mara mbili, mara moja kwa sauti.